Mwani wa kahawia: ni yapi yaliyothibitishwa, na ni yapi yanayouzwa tu?

Jioni moja jirani yangu, mama wa makamo ambaye humeza dawa za kuzuia damu isigande tangu alipofanyiwa upasuaji wa moyo, alinibishia hodi akiwa na kopo jeupe mkononi. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unashinda kazini ukifasiri lugha za wenzetu. Hebu nisomee hapa wanasema nini." Kopo lilikuwa na vidonge vya mwani wa kahawia. Aliyemuuzia alimhakikishia kuwa vinasafisha damu, vinapunguza unene, vinatibu goita na kuzuia saratani.

Nilimsomea maandishi yote, pande zote za kopo. Yalikuwa machache kuliko maneno ya muuzaji. Lakini swali alilouliza baada ya hapo ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa kuwa wapo wasikilizaji wengi walio katika hali kama yake: je, kuna ukweli wowote ndani ya kopo hili?

Jibu fupi ni kwamba ukweli upo, na si mdogo. Mwani wa kahawia umewapa matabibu baadhi ya vitu vinavyotumika hospitalini kila siku. Hata hivyo, yale yaliyothibitishwa si yale yanayotangazwa, na kitu kimoja kilichomo ndani ya mwani huo, ambacho kwa watu wa maeneo yetu ya bara kina historia nzito, kinaweza kuponya au kudhuru kulingana na kipimo chake.

Kiumbe asiye mmea

Mwani hugawanywa katika makundi makubwa matatu kwa kufuata rangi: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Wanabiolojia hawauhesabu mwani wa kahawia kuwa ni mmea kama mchicha au mgomba. Ni ukoo wa peke yake, wenye aina zinazokaribia 2,000, na karibu zote huishi baharini. Hauna mizizi ya kufyonza maji wala mbegu. Hushika mwamba kwa kitu mfano wa kucha, kisha hutanua majani yake kuelekea kwenye mwanga.

Aina kubwa kabisa hupatikana kwenye bahari za baridi. Pwani ya Kalifonia, Chile na Afrika Kusini kuna misitu mizima ya mwani chini ya maji, na aina mojawapo huweza kurefuka kwa karibu nusu mita kwa siku moja. Katika Japani, Korea na China mwani wa kahawia ni chakula cha kawaida: kombu huchemshwa kutoa mchuzi, wakame hutiwa kwenye supu, na mozuku, mwembamba na wenye utelezi, huliwa na siki katika visiwa vya Okinawa. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitoa kutoka kwenye mchuzi wa kombu kiungo kinachoupa ladha yake nono, glutameti, ambacho leo kimo katika vikonyo vya supu tunavyoviponda jikoni kwetu bila kujua kwamba safari yake ilianzia baharini.

Yafaa kulitaja jambo moja mapema, kwa sababu huwachanganya wengi. Mwani unaolimwa Zanzibar, ule ambao akina mama wa Paje, Jambiani na Pemba huufunga kwenye kamba na kuuanika juani, si wa kahawia. Ni mwani mwekundu, nao hutoa kitu kiitwacho karajinani, kinachotumika kugandisha maziwa, dawa ya meno na vipodozi. Mwani wa kahawia upo pia katika pwani ya Afrika Mashariki, huota kwenye miamba na kutupwa ufukweni na mawimbi, lakini sio ulioleta kilimo hicho. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeanza kuuchunguza mwani wa pwani hiyo miongo kadhaa iliyopita, aliandika juu ya makundi yote. Muuzaji anayesema kuwa vidonge vyake vya mwani wa kahawia "vinatoka mashamba ya Zanzibar" basi, ama amekosea ama anakosesha wengine.

Moshi wa zambarau

Mwaka 1811, Ufaransa ya Napoleon ilihitaji baruti. Bernard Courtois, aliyekuwa akitengeneza shura jijini Paris, alitumia majivu ya mwani kutoka pwani za Normandy na Brittany. Siku moja alizidisha tindikali kali wakati wa kusafisha vyombo vyake, na hewa ya rangi ya zambarau ikapanda, ikagusa sehemu zenye ubaridi na kuganda kuwa chembe nyeusi zinazong'aa. Hivyo ndivyo ayodini, ambayo sisi huiita madini joto, ilivyogunduliwa. Jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi hiyo.

Kwa nini ilikuwa kwenye majivu ya mwani? Kwa sababu hakuna kiumbe hai kinachojulikana kukusanya madini joto kama mwani mkubwa wa kahawia. Huyachuja kutoka maji ya bahari, ambamo ni machache mno, na kuyahifadhi ndani yake kwa kiwango kinachoweza kufikia mara 30,000 ya kile cha majini. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walieleza sababu: mwani huyatumia kujikinga. Maji yanapokupwa na jua kuuchoma, mwani huyaachilia madini hayo ili yazime kemikali zenye madhara zinazotokea juu ya ngozi yake.

Mwanadamu huyahitaji kwa kazi nyingine. Tezi iliyopo mbele ya shingo huyatumia kutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima: mapigo ya moyo, joto la mwili, ukuaji wa mtoto, na zaidi ya yote ujenzi wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Yakikosekana, tezi hupanuka ikijitahidi kunasa kila chembe inayopita. Uvimbe huo ndio goita, ambayo wazee wengine wa pwani huiita rovu.

Wachina wa kale walikwisha kuutumia mwani kutibu goita karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuyajua madini joto. Mwaka 1820, tabibu wa Geneva aitwaye Jean-François Coindet aliunganisha mambo hayo mawili. Alijua kwamba majivu ya sifongo ya baharini yalikuwa dawa ya jadi ya goita. Akahisi kuwa siri yake ni kitu alichokipata Courtois. Akawapa wagonjwa wake. Uvimbe wa wengi ulipungua. Lakini watu walipoanza kuinywa dawa hiyo kiholela, baadhi yao walipatwa na mapigo ya moyo ya kasi, mitetemeko na kukonda, na Coindet mwenyewe akalazimika kutahadharisha. Ni miaka zaidi ya mia mbili sasa, na tahadhari ile ile inahitajika.

Kisiwa cha Idjwi na somo la bara

Sisi tuishio mbali na bahari tunalijua tatizo hili kwa macho. Udongo wa milimani huoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, madini joto huchukuliwa na mito, na kinachobaki shambani ni kidogo. Katika Kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti kutoka Ubelgiji walianza katika miaka ya 1960 kuchunguza kwa nini goita ilikuwa imeenea mno. Waligundua jambo la kushangaza. Wakaazi wa kisiwa chote walikuwa na upungufu wa madini joto, lakini goita ilijaa upande wa kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Tofauti ilikuwa kwenye chakula: muhogo usioandaliwa vizuri hubakiza sumu ambayo mwili, ukiishughulikia, huibadilisha kuwa kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Upungufu ulikuwa kuni, muhogo ukawa kiberiti.

Ufumbuzi haukutoka kwenye mwani. Ulitoka kwenye chumvi. Tangu miaka ya 1990 nchi za ukanda huu zimekuwa zikitia madini joto kwenye chumvi ya mezani, na hatua hiyo, ya bei ndogo na isiyo na tangazo, imewakinga watoto wengi kuliko kidonge chochote cha dukani.

Hata hatua hiyo haikupita bila funzo. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari waliripoti katika jarida la kitabibu la The Lancet kwamba Kivu na Zimbabwe, baada ya kuingia kwa chumvi iliyokuwa na madini joto mengi, walipokea wagonjwa ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi. Wengi wa watu wa namna hii huwa ni wale walioishi na upungufu kwa miaka mingi: tezi yenye vinundu, iliyozoea njaa, hupewa karamu kwa ghafla na kushindwa kujizuia. Moyo hudunda ovyo, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu hali hiyo huweza kuua.

Sasa tulinganishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mama mjamzito 250. Gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 2,000, yaani mahitaji ya siku zaidi ya kumi na tatu kwenye kipande kidogo tu. Wakame ina kidogo zaidi, na kiasi hubadilika kutoka aina hadi aina, pwani hadi pwani, hata jani changa hadi jani kuukuu. Kwa hiyo anayemeza unga wa mwani ambao haujapimwa hajui anameza nini. Huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, madaktari walieleza katika miaka ya 1960 juu ya goita ya wakaazi wa pwani iliyosababishwa na kinyume cha tatizo la Idjwi: walikula kombu nyingi mno, na tezi ikavimba kwa wingi wa madini joto badala ya upungufu.

Kitu kilichofanikiwa bila kelele

Ukiniuliza ni kipi hasa kati ya vitu vya mwani wa kahawia ambacho tiba imekikubali bila ubishi, nitakujibu: alginati. Na ni kimoja ambacho wauza vidonge hawakitaji kabisa, labda kwa kuwa hakina miujiza.

Mwaka 1881 mkemia wa Uingereza, Edward Stanford, aliyekuwa akiuchunguza mwani wa Scotland, alieleza juu ya ute mzito alioutoa ndani yake. Ute huo ndio unaoufanya mwani uweze kupindika kwa mawimbi bila kukatika. Una tabia ya ajabu: ukichanganywa na maji huwa uji mzito, na ukikutana na kalisi huganda papo hapo kama jeli. Tabia hiyo ndogo imefungua milango mingi.

Mtu mwenye kiungulia kikali huenda amekwisha kuumeza bila kujua. Dawa za maji zenye alginati hugusana na tindikali ya tumbo, huganda na kuelea juu ya vilivyomo tumboni kama chelezo, na kuzuia tindikali isipande kooni. Haziponyi chanzo cha tatizo, lakini hufanya kazi, na kwa kuwa haziingii kwenye damu kwa kiasi cha maana hata wajawazito huandikiwa mara nyingi. Daktari wa meno anapokuambia uume uji baridi ulio kwenye chombo ili apate umbo la meno yako, mara nyingi uji huo ni alginati. Na kwenye wodi za upasuaji zipo bandeji zilizofumwa kwa nyuzi zake: zinapowekwa kwenye kidonda kinachotoa majimaji hunyonya unyevu, hugeuka jeli laini, na hubanduliwa bila kuchuna nyama mpya.

Hapa nalo lisipambwe. Wachambuzi waliokusanya majaribio ya bandeji hizo kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari hawakupata ushahidi kwamba huponya haraka kuliko bandeji nyingine. Faida yake ni starehe ya mgonjwa na wepesi wa kumhudumia. Kwa muuguzi mwenye wagonjwa thelathini na mikono miwili, hilo si jambo dogo.

Fukoidani: mahali ahadi zinapozidi ushahidi

Nikalisoma tena kopo la jirani yangu. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote lilikuwa fukoidani.

Ni aina ya sukari ndefu iliyounganika na salfati, na ndiyo inayoupa mwani utelezi ukiushika. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na Harald Kylin, mtaalamu wa mimea wa Uppsala nchini Uswidi. Tangu hapo imeandikwa katika maelfu ya kurasa za kisayansi, na kwenye maabara mambo yake yanavutia kweli. Ikimiminwa juu ya seli za saratani ndani ya kisahani cha kioo, seli nyingi huacha kugawanyika au hufa. Hutuliza dalili za uvimbe wa ndani, na huzuia baadhi ya virusi kujishika kwenye seli.

Lakini kisahani si mwili. Molekuli ya fukoidani ni kubwa, na mtu akiimeza ni sehemu ndogo tu inayovuka utumbo na kuingia kwenye damu. Kipimo kilichoua seli kwenye kisahani huenda kisifikie uvimbe hata mtu akinywa kopo zima. Isitoshe, fukoidani si kitu kimoja: ya mozuku wa Okinawa ina umbile tofauti na ya mwani wa Atlantiki, hivyo matokeo ya moja hayawezi kuazimwa na nyingine.

Majaribio kwa wagonjwa yapo, ila ni madogo. Moja linalotajwa sana, lililofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2011, liliwahusisha wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakipata dawa za kemikali. Waliopewa fukoidani walilalamika uchovu kidogo kuliko wenzao. Ni habari njema kwa aliyechoka, lakini ni watu 20, na waliendelea na matibabu yao ya hospitali. Hilo la mwisho ndilo linalofutwa kwenye matangazo. Mgonjwa anayeacha matibabu yake ili ashike vidonge hafanyi kile kilichofanywa na wagonjwa wale.

Umoja wa Ulaya umeidhinisha fukoidani ya aina mbili za mwani kuuzwa kama chakula kipya. Wauzaji huupenda sana muhuri huo. Maana yake ni kwamba kwa kiasi kilichowekwa imeonekana kuwa salama kuliwa na watu wenye afya. Haisemi kwamba inatibu maradhi yoyote.

Na sasa kwa jirani yangu. Umbile la fukoidani linafanana na la heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Kufanana huko si kwa sura tu: imeonekana maabara kuwa fukoidani nayo huzuia damu isigande. Mtu ambaye tayari anatumia wafarini au dawa za jamii hiyo, ambaye kipimo chake cha damu kimepangwa na daktari kwa uangalifu, anaongeza kitu kingine chenye mwelekeo ule ule. Nguvu yake kwa njia ya mdomo huenda ni ndogo. Lakini hatari ya kutokwa damu ndani ya mwili si ya kuichezea bahati nasibu. "Kusafisha damu" kulikosemwa na muuzaji ndiko hasa alikopaswa kukuogopa.

Rangi, mafuta na panya wa Hokkaido

Ahadi ya kupunguza unene nayo ina chanzo. Rangi ya kahawia ya mwani huu hutokana na fukozanthini, ndugu wa mbali wa kile kinachoipa karoti rangi yake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walionyesha kwamba panya waliolishwa fukozanthini ya wakame walipungua mafuta ya tumboni, na kwamba mafuta yao yalianza kutengeneza protini inayochoma nishati kuwa joto badala ya kuiweka akiba. Ugunduzi huo ulisifiwa kwa haki.

Kati ya panya na binadamu, hata hivyo, kuna mwendo mrefu ambao haujamalizika. Mtu mzima hana mafuta ya aina ile kwa wingi kama panya, mwili wake huifyonza fukozanthini vibaya, na kiasi kilichomo kwenye bakuli la supu ni kidogo sana kikilinganishwa na walichopewa panya. Sijaona ushahidi unaotosha kumwambia mtu atoe fedha zake kwa ajili hiyo.

Vimo vitu vingine ndani ya mwani: laminarini, ambayo ni akiba yake ya chakula na ambayo wakulima wa Ulaya huinyunyiza kwenye mazao ili kuamsha kinga ya mmea, na tanini za baharini zinazochunguzwa kwa uwezo wa kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Habari zao bado ni changa.

Dawa ya usahaulifu kutoka China

Ipo hadithi moja inayoonyesha jinsi njia ya kutoka baharini hadi duka la dawa ilivyo na miba. Mwezi Novemba 2019, mamlaka ya dawa ya China iliidhinisha kwa masharti dawa ya ugonjwa wa Alzheimer iitwayo GV-971, iliyotengenezwa kwa sukari fupi za mwani wa kahawia. Ilikuwa habari kubwa, kwani ulimwengu ulikuwa haujapata dawa mpya ya ugonjwa huo kwa zaidi ya muongo mmoja. Watafiti walieleza kuwa dawa hufanya kazi kwa kubadilisha vijidudu vya utumboni, na hivyo kutuliza uvimbe wa ubongo. Jaribio lao la wiki 36 liliwahusisha wagonjwa zaidi ya 800.

Wanasayansi wengi wa nje waliuliza maswali: mbona kundi lisilopewa dawa lilizorota ghafla wiki za mwisho, na je, wiki 36 zinatosha kwa ugonjwa wa miaka mingi? Jaribio la kimataifa lilianzishwa ili kujibu, lakini mwaka 2022 kampuni ikalisitisha kabla halijakamilika. Familia zilizokuwa zikimwangalia mzazi akisahau majina ya wanawe zilibaki na swali lisilo na jibu.

Je, wanaokula wanafaidika?

Kula mwani ni jambo tofauti na kumeza vidonge, na hapa ushahidi una sura ya matumaini zaidi. Japani imewafuatilia watu zaidi ya 86,000 wa makamo kwa karibu miaka ishirini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliokula mwani karibu kila siku walipata kwa uchache ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba mishipa, wakilinganishwa na wasioula kabisa. Kwa kiharusi hakukuonekana tofauti ya wazi.

Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba mwani ndio uliowakinga. Anayekula mwani kila siku mara nyingi hula pia samaki, mboga na soya. Lakini nyuzinyuzi zake, potasiamu yake na uchache wa mafuta ni mambo yanayoeleweka kuwa na manufaa kwa moyo. Wakati huo huo, uchunguzi mwingine wa Wajapani uliona saratani ya tezi ya shingo ikiwa zaidi kwa wanawake waliokoma hedhi waliokula mwani karibu kila siku, ingawa uchunguzi wa kundi jingine nchini humo humo haukuuona uhusiano huo.

Na si kila mwani uliao mezani ni salama. Hijiki, mwani mweusi wa kahawia wenye majani kama nyuzi, hukusanya aseniki ya aina iliyo sumu. Canada ilitoa tahadhari mwaka 2001, na Uingereza mwaka 2004 iliwashauri wananchi wake wasiule kabisa. Wasikilizaji wetu wanaoishi huko huukuta kwenye maduka ya vyakula vya Asia, na jina lake husomeka vizuri kwenye pakiti.

Kabla ya kufungua kopo

Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye figo dhaifu na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze vidonge vya mwani kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia wake. Aliyekwisha kuanza asifiche. Amwambie daktari, maana vipimo vya damu vinaweza kubadilika na daktari asijue kwa nini. Atakayehisi moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka au kukonda bila sababu baada ya kuvitumia aviache na aende kupimwa.

Kwa anayetaka kununua, jambo la kwanza la kutafuta kwenye lebo ni kiasi cha madini joto kwa kila kidonge, kikiwa kimeandikwa kwa mikrogramu. La pili ni jina kamili la aina ya mwani. Na kwa anayehofia goita tu, pakiti ya chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ikihifadhiwa kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na kutiwa kwenye mboga inapokaribia kuiva, inamtosha yeye na wanawe.

Kwenye kopo la jirani yangu kiasi cha madini joto hakikuandikwa, wala aina ya mwani. Siku ya miadi yake ya kupima damu alilitia kwenye mkoba na kwenda nalo hospitali. Daktari alilizungusha mkononi, akasoma kama nilivyosoma mimi, kisha akamuuliza kama amekwisha kumeza hata kimoja. Alipojibu kuwa bado, daktari alimwambia amrudishie aliyemuuzia, na kwamba hata kama hatarudishiwa fedha zake, asivimeze.